Bando lipo, printa ipo, ila kompyuta haziioni

SWALI: Shikamoo fundi. Nina stationery hapa Moshi, Majengo, kompyuta nne, mbili mbele kwa wateja na mbili chumba cha nyuma. Waifai ilikuwa haifiki nyuma vizuri, fundi mmoja akaniambia ninunue ruta ya pili, nikanunua, akafunga akaondoka. Intaneti sasa inafika kote ila printa iko nyuma na kompyuta za mbele haziioni kabisa, kila mteja akitaka kuprinti kijana anakimbia na flashi. Nimeongeza bando nikijua ndo litasaidia, wapi. Hivi ruta, swichi na IP ni nini hasa? Nieleweshe kama mtu asiyejua kitu. Dada wa stationery, Moshi.

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na hilo la bando maana limeniuma. Sisi neno mtandao tunalitumia kwa kila kitu, laini ikikata tunasema mtandao hamna, meseji ikichelewa tunasema mtandao unasumbua, mwisho mtu anaamini kabisa kwamba bila bando hakuna mtandao, na sivyo. Kompyuta zako nne na printa zikishaunganishwa kwa waya au waifai tayari huo ni mtandao, wa kwako, wa ndani ya duka, na unaweza kuprinti na kuhamisha mafaili kutoka mashine ya mbele kwenda ya nyuma hata kama hujalipia intaneti miezi mitatu. Intaneti ni pale mtandao wako unapounganishwa na mitandao ya watu wengine dunia nzima. Hiyo hela ya bando haikuwa na kazi yoyote kwenye tatizo hili.

Swichi ni kile kiboksi chenye matundu ya waya, matano, manane, mpaka 24, kinaunganisha mashine za mtandao mmoja, mashine ikituma kitu swichi inajua ni cha nani inakipeleka kwenye tundu lake basi. Ruta yenyewe inakaa mpakani. Ichukulie kama Namanga, ukitoka Longido kuja Arusha mjini hupiti pale, unapita ukiwa unavuka kwenda Kenya. Ukiprinti ndani ya duka ni Longido na Arusha, ukifungua YouTube ndo unavuka mpaka. Kinachochanganya watu ni kwamba ruta hizi za nyumbani zina kila kitu kwenye boksi moja, ruta, swichi ya matundu manne na waifai, kwa hiyo mtu anaona antena anajua ndo ruta yote hiyo.

Sasa IP, hapa ndo ugonjwa wako ulipo. Kila kifaa kwenye mtandao lazima kiwe na namba, ndo hiyo IP, mafungu manne yanayotenganishwa na nukta, kila fungu kuanzia 0 mpaka 255. Tuseme 192.168.1.15. Kwenye maduka na nyumba zetu mafungu matatu ya mwanzo ni kama jina la mtaa na la mwisho ndo namba ya nyumba. Hizi za 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, jirani yako anazo hizo hizo na hamgongani. Na huzipangi wewe, ruta ndo inagawa, kifaa kikiwaka kinaomba namba kinapewa, mafundi wanaiita hiyo huduma DHCP.

Fundi wako alipofunga ruta ya pili akachomeka waya unaotoka ruta ya zamani kwenye lile tundu la peke yake ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, na ile ruta ikafanya inachojua, ikaanzisha mtaa mpya. Nenda kompyuta ya mbele fungua cmd, lile dirisha jeusi la Windows la kuandika amri, andika ipconfig, soma mstari wa IPv4, halafu fanya hivyo hivyo nyuma. Nadhani mbele utakuta 192.168.1 na kitu, nyuma 192.168.0 na kitu. Mitaa miwili dada, na katikati kuna mpaka unaoruhusu kutoka ila hauruhusu kuingia, ndo maana nyuma wanapata intaneti vizuri ila wa mbele hawaifikii printa.

Kutengeneza si kununua kitu kingine. Kwanza ingia setingi za ruta ya zamani uone inagawa namba kuanzia ngapi mpaka ngapi, tuseme 100 mpaka 199. Halafu chomoa ule waya kwenye tundu la rangi la ruta mpya, ingia setingi zake ukiwa kompyuta ya nyuma, ibadilishe namba yake iwe 192.168.1.250, nje ya zile zinazogawiwa, ingia tena kwa hiyo namba mpya uzime DHCP. Baada ya hapo ndo ule waya uuchomeke kwenye tundu mojawapo la yale manne. Usiuchomeke hapo kabla hujazima DHCP, utakuwa na watu wawili wanagawa namba kwenye foleni moja na siku nzima itakuwa vurugu. Zima printa uwashe, na kwenye ruta ya zamani iwekee printa namba yake ya kudumu ili kesho isihame tena.

Na kabla ya kuita mtu, angalia vichwa vya waya. Niliwahi kukaa ofisi moja Ngarenaro toka asubuhi mpaka saa saba mchana nachezea setingi, kumbe kale kaulimi ka plastiki kwenye kichwa cha waya kamevunjika, waya umetoka milimita chache tu, ukiugusa taa ya kijani inawaka ukiuachia inazima. Toka siku hiyo naanza na taa.

SWALI: Nataka kuvuta waya wa mtandao toka nyumbani hadi kwenye banda la kuku niweke kamera, ni kama mita 160. Itakubali? Msomaji, Usa River.

JIBU: Moja kwa moja hapana. Waya huu wa shaba mwisho wake ni mita 100, ukizidisha unaweza kuona umekubali asubuhi jioni picha inakatakata. Weka swichi ndogo katikati penye umeme au vuta faiba, ule waya unaopitisha mwanga. Na omba waya wa shaba tupu, upo wa aluminiamu iliyopakwa shaba, bei nzuri ila ukitaka kamera ipate umeme kupitia waya huo huo utakusumbua.

SWALI: Nalipia Mbps 10 lakini nikidaunlodi naona 1.2 tu, naibiwa? Msomaji, Sakina.

JIBU: Huibiwi kaka. Kampuni inahesabu kwa biti, kompyuta inakuonyesha kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 10 kwa 8 unapata 1.25. Ukianza kuona 0.3 kila siku, hapo wapigie.