Wasomaji Wanauliza: Hoki ya Barafuni ya Vijana Katika Madaraja ya Chini

Ndugu mhariri, nasikia vijana wa Afrika Kusini hucheza mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni. Mbona sijawahi kuwaona wakipambana na Canada au Sweden? Au ni mashindano mengine yenye jina lilelile? – Msomaji, Nakuru

Ni mashindano yaleyale, ila yamepangwa kwa madaraja. Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, IIHF, lina ubingwa wa dunia wa vijana wa chini ya miaka 20 na mwingine wa chini ya miaka 18. Kila mmoja una daraja la juu lenye timu 10, na hao ndio unaowaona kwenye televisheni. Chini yao kuna Divisheni ya I yenye Kundi A na Kundi B, kisha Divisheni ya II yenye A na B, halafu Divisheni ya III. Usidhani Kundi A na Kundi B ni sawa kama makundi ya Kombe la Dunia la soka. Hapa A iko juu ya B. Bingwa wa II B hupanda II A, na wa mwisho wa II A hushuka II B. Makundi ya Divisheni ya I na ya II huwa na timu sita sita, na kila kundi hukusanyika katika mji mmoja na kumaliza kazi kwa takriban wiki moja.

Hiyo ngazi inafanya kazi kweli. Kazakhstan ilishinda Divisheni ya I A ya chini ya miaka 20 mjini Budapest mwezi Desemba 2023, ikapanda na kucheza daraja la juu mjini Ottawa mwaka uliofuata. Ilipofungwa na Ujerumani katika mechi ya kuamua nani ashuke, ikarudi chini, na Denmark ikachukua nafasi yake.

Afrika Kusini ni mwanachama wa IIHF tangu 1937, na vijana wake wamecheza sana katika ngazi za chini kabisa. Anayeanzia Divisheni ya III anahitaji kupanda angalau mara tano ili akutane na Canada, na kwa mwaka hupandi zaidi ya mara moja. Kijana wa miaka 16 anayeanza leo atakuwa amevuka umri kabla safari haijaisha, hata timu yake ikishinda kila mwaka. Kwa hiyo wanaoipanda ngazi hii ni chama na makocha wake, kizazi baada ya kizazi. Nchi inayokusanya kikosi kizuri kimoja na kukisahau kile cha wadogo zao hupanda mara moja, kisha hushuka.

Kwa nini wasichanganywe tu? Mwaka 1998, kwenye mashindano ya vijana wa chini ya miaka 18 ya Asia na Oceania, Korea Kusini iliifunga Thailand mabao 92 kwa 0, na mchezaji mmoja, Donghwan Song, akafunga 31 peke yake. Mechi ya namna hiyo haimfundishi mtu kitu, si mshindi wala mshindwa. Madaraja yapo ili kijana wa nchi ndogo akutane na wenzake anaoweza kuwafunga na wanaoweza kumfunga.

Timu tatu zikimaliza na pointi sawa, anapanda nani? Nilifuatilia msimamo, aliyekuwa na mabao mengi zaidi hakupanda. Nilihisi ameonewa. – Mfuatiliaji, Dar es Salaam

Hakuonewa, ndugu yetu. Hapa ndipo wapenzi wengi wa soka hupotea, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Kwanza pointi zenyewe. Kushinda ndani ya dakika 60 ni pointi 3. Sare haipo. Mkitoka sawa, kila timu inachukua pointi 1, kisha mnacheza nyongeza ya dakika 5, watatu kwa watatu, na bao la kwanza linamaliza mchezo. Lisipopatikana bao mnakwenda penalti, wapigaji watano kila upande. Atakayeshinda kwenye nyongeza au penalti anaongezewa pointi 1, kwa hiyo anaondoka na 2.

Pointi zikilingana kwa timu mbili, unaangalia walipokutana wao wawili, basi. Zikilingana kwa timu tatu au zaidi, unatengeneza msimamo mdogo wa hizo timu tu na kufuta mechi zao dhidi ya wengine wote. Ndani ya msimamo huo unaangalia pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Ikishindikana hapo, unalinganisha matokeo yao dhidi ya timu iliyo karibu nao kwenye msimamo, na mwisho kabisa nafasi waliyopangiwa kabla ya mashindano.

Tuchukue mfano wa kutunga. Timu A, B na C zote zimewafunga wale watatu wa chini na zina pointi 12 kila moja. Walipokutana wao kwa wao, A iliifunga B 2–1, B ikaifunga C 3–1, na C ikaifunga A 2–1. Kila mmoja ana pointi 3 katika msimamo mdogo. Mabao: A kafunga 3 kafungwa 3, tofauti sifuri. B kafunga 4 kafungwa 3, tofauti +1. C kafunga 3 kafungwa 4, tofauti –1. B anapanda. C angeweza kuwa amemfunga wa mwisho 14–0, na mabao hayo yasimsaidie chochote. Bila shaka ndicho ulichokiona.

Sasa tazama jambo dogo. Tuseme ile mechi ya A na B, B alipokuwa nyuma 2–1 zikiwa zimebaki dakika mbili, kocha alimtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa sita, na A wakapata bao la lango tupu. Mechi ikaisha 3–1. Hesabu inageuka: A anakuwa +1, B sifuri, na anayepanda ni A. Bao moja la lango tupu, lililofungwa siku ambayo watu walidhani mechi imeshapotea hata hivyo, linamchukulia B mwaka mzima.

Je, kocha alikosea? Hapana, kwa maoni yetu. Kama B wangesawazisha, hata wangefungwa kwenye nyongeza, wangemaliza na pointi 13, A wangebaki na 11 na C na 12, na msimamo mdogo usingehitajika. Siku za mwanzo, pointi moja ina thamani kuliko bao moja, kwa hiyo kumtoa kipa ni sahihi. Siku ya mwisho ni tofauti: msaidizi wa kocha akae na karatasi ya msimamo mdogo mkononi na ajue kabla ya dakika ya 58 ikiwa timu inahimili kufungwa bao moja zaidi. Timu nyingi za madaraja ya chini huanza kupiga hesabu hiyo baada ya kengele.

Mwanangu ana miaka 14, amezaliwa hapa Canada, ana uraia wa Kenya kupitia kwangu. Kenya ikiunda timu ya vijana, anaweza kuitwa? – Mama, Ontario

Mama, hongera kwa kumtunzia mtoto uraia wake. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo upande huo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba pasipoti peke yake haitoshi kwa IIHF. Mchezaji aliyelelewa kwenye hoki ya nchi moja na kutaka kuiwakilisha nyingine lazima awe amecheza mashindano ya ndani ya hiyo nyingine kwa miaka miwili mfululizo, baada ya kutimiza miaka 10. Likizo za Agosti jijini Nairobi hazihesabiki hivyo. Akihamia, tunza nakala ya kadi yake ya uhamisho wa kimataifa na ya kila fomu ya mechi, maana ushahidi wa miaka hiyo utatakiwa kwa maandishi. Na kama atawahi kuichezea Canada kwenye mashindano ya IIHF, kubadilisha kunaruhusiwa mara moja tu maishani, na miaka ya kucheza mashindano ya ndani ya nchi mpya inakuwa minne mfululizo.

Kenya yenyewe ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa IIHF mwaka 2024. Ni hatua kubwa kwa mchezo uliokuzwa kwenye kiwanja kimoja cha hotelini, lakini kutoka hapo hadi kuingiza timu ya vijana kwenye Divisheni ya III bado kuna kazi.

Kuhusu umri: chukua mwaka wa toleo la mashindano, toa 18. Toleo la 2025 la chini ya miaka 18 lilikuwa la waliozaliwa 2007 au baadaye. Kwa chini ya miaka 20 kuwa mwangalifu, kwa sababu mashindano yaliyoanza Desemba 2024 yalihesabiwa ya 2025, yaani waliozaliwa 2005 au baadaye.

Kwa wasomaji wa Tanzania waliouliza swali hilihili: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na haimo katika IIHF.

Nafundisha vijana. Kipindi cha kwanza tunakwenda vizuri, cha pili tunafungwa matatu au manne. Ni pumzi? – Kocha, Nairobi

Pumzi ni sehemu yake, lakini angalia benchi kwanza. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli huku mabenchi yakibaki palepale. Ghafla walinzi wako wana safari ndefu kutoka golini kwao hadi benchi. Wakizoea kubadilishana wakati wowote kama kipindi cha kwanza, wanaoingia wanakuta adui ameshapita.

Dawa ni kanuni moja isiyovunjwa: kipindi cha pili hakuna mlinzi anayetoka mpaka paki, kile kisahani cheusi cha mpira, kiwe kimepelekwa ndani kabisa ya eneo la wapinzani. Kukitupa nje ya mstari wa buluu, unaotenga eneo lenu la ulinzi, tu hakutoshi. Pili, pima zamu kwa saa. Zamu nzuri ni sekunde 40 hadi 45. Timu yenye wachezaji 14 badala ya 20 wanaoruhusiwa, ukiacha makipa wawili, huanza kuvuta zamu hadi dakika nzima, na mchezaji aliyechoka hukamata mtu kwa fimbo, anapewa dakika 2 nje, na wenzake wanne wanachoka zaidi.

Tatu, kama mnafanyia mazoezi kiwanja kidogo, vijana wako hawajui mita 60. Kiwanja rasmi cha IIHF ni mita 60 kwa 26 hadi 30. Wengi jijini Nairobi walianza na viatu vya magurudumu, na hiyo ni faida: tafuteni uwanja wa lami, pimeni urefu kamili, wekeni koni kwenye mistari miwili ya buluu, mfanye mazoezi ya kubadilishana na ya kuotea huko. Kitu ambacho magurudumu hayafundishi ni kusimama kwa kugeuza ubavu wa chuma, kwa hiyo dakika zenu chache za barafu zitumieni kwa kusimama na kugeuka, kushoto na kulia sawasawa.

Viatu vya barafuni vya binti yangu vinashika kutu kila wiki, na vinamteleza kwenye kona. Vibadilishwe? – Baba, Maskati

Bado. Kutu inatokana na kuvihifadhi ndani ya vifuniko vya plastiki ngumu, ambavyo ni vya kutembelea tu na hufungia maji ndani. Akitoka barafuni afute chuma hadi shina lake kwa kitambaa kikavu, avalishe vifuniko vya kitambaa, na begi libaki wazi nyumbani. Unyevu wa hewa ya pwani hujikusanya kama jasho juu ya chuma baridi, kwa hiyo afute tena baada ya nusu saa.

Kuteleza kunahusu kunoa. Chini ya chuma kuna mfereji unaoacha kingo mbili. Wengi hunolewa mfereji wa mviringo wenye nusu-kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mtoto mwepesi hana uzito wa kuzamisha kingo hizo, kwa hiyo omba milimita 9.5, ambao unang'ata zaidi. Hakikisha pia saizi: kiatu cha hoki huwa pungufu kwa saizi moja hadi moja na nusu ya kiatu cha kawaida. Vidole viguse mbele kidogo akiwa wima, na akikunja goti kisigino kirudi nyuma na kukaa imara.

Na shingo isiachwe wazi. Kinga ya shingo na wavu wa uso mzima ni lazima kwa mashindano ya chini ya miaka 18, na mazoezini pia avae.