Kutoka JNIA, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hadi Kariakoo saa moja asubuhi

Ndugu, umeuliza kama ukitua Terminal 3 saa moja asubuhi na mabegi mawili ni vizuri kupanda daladala hadi Kariakoo. Mimi nakusihi, chukua teksi. Kutoka mlangoni hadi kituoni Barabara ya Nyerere ni mwendo, na saa hizo daladala za Gongo la Mboto zinafika zimeshajaa, watu wananing'inia mlangoni. Konda hatakubali mabegi yako. Patana bei kabla mzigo haujaingia kwenye buti, au ita gari kwa programu ya simu. Ni kama kilomita 12 tu, lakini foleni ya asubuhi haina huruma, hata baada ya daraja la Mfugale pale Tazara. Ukija siku nyingine na kibegi cha mgongoni, mchana, daladala inatosha kabisa.