Jibu: Ree na tisa dhidi ya mtu anayepandisha dau kila mkono

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: uko kwenye mashindano ya poka, umekaa blaindi kubwa (nafasi inayolazimika kuweka dau kabla ya kuona karata), una ree na tisa za rangi tofauti, umebakiwa na chipu zenye thamani ya dau hilo mara 15, na jamaa aliye nafasi ya mgawaji anapandisha dau kila mkono. Ukimfuata, yaani ukiweka kiasi kile kile alichoweka, karata tatu za wote zinashuka mezani, hujapata kitu, anapiga dau, unatupa.

Angalia kwanza chipu zake na ni wachezaji wangapi bado watoke ndipo waliobaki wapate zawadi, kabla ya karata zako. Kama anaweza kukutoa kabisa, zimebaki nafasi mbili tatu kuingia kwenye pesa, na kuna wenye chipu kiduchu kuliko wewe, tupa bila kinyongo. Waache hao watangulie kutoka.

Pesa zikiwa bado mbali, mimi naweka chipu zote. Anayepandisha na karata zozote anazogawiwa hawezi kukufuata na nyingi kati ya hizo. Mfalme na tano atatupa, tisa na saba atatupa, nawe unazoa kilichopo mezani. Akikufuata na ree na malkia una karibu robo tu ya kushinda. Akiwa na jozi ya saba, mnakaribiana sana.

Kumfuata tu ndiko kunakokumaliza, kwa sababu utakosa jozi takriban mara mbili katika tatu, na yeye anaishi kwa hilo. Ukiamua kufuata, basi ukipata jozi ya tisa usiitupe kwa dau lake la kwanza.

Hukusema kama ameshaonyesha karata zake. Kama alishawahi, alikuwa na nini?