Enyi wa kalibu, iacheni friji

Idi haijafika na tayari nimeonyeshwa trei nzima ya nyota na miezi ya sukari ya kupambia keki, yote imelowa chapachapa. Mabinti zangu nawapenda, lakini haya si tuliyasema mwaka jana? Haya, kaeni.

1. Sukari iwe nyeupe, ile laini. Ya kahawia ni tamu kwenye chai, ila ukiitia buluu itakupa kijani cha maji ya dimbwi, na molasi yake inavuta unyevu.

2. Kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha ute wa yai, basi. Rangi ya maji nayo ni maji! Ndiyo maana kila siku nasema tumieni ya jeli. Sugua kwa vidole mpaka kila punje ishike rangi, kisha finya kiganjani: ikibaki na alama za vidole, shindilia kwenye kalibu. Ikimeguka, ongeza tone. Ikinata, ongeza sukari.

3. Kukausha. Nairobi wanaacha mezani usiku kucha, asubuhi zimekauka kau. Sisi wa Mombasa tuko kando ya bahari. Kaskazi ikivuma waweza kubahatisha. Masika ya Aprili na Mei usijidanganye. Oveni nyuzi 90, mlango wazi kidogo, na pilau lisipikwe jikoni humo.

4. Friji. Hapa ndipo nilipotiwa adabu. Harusi ilikuwa Likoni, keki ngazi tatu, krimu nyeupe pepepe, mawaridi mekundu ya sukari juu mpaka chini. Kwa kuogopa joto nikaitia yote kwenye friji usiku, na mawaridi yake. Asubuhi tukaipakia kwenye tuktuk. Tuko foleni ya feri, nachungulia sandukuni, naona waridi moja linameremeta. Nikasema mashaallah, kazi hiyo! Kumbe linatoka jasho. Kitu kilichotoka kwenye baridi kikikutana na hewa yetu lazima kilowe, na sukari haijui kukataa maji. Hatujafika ng'ambo, tone jekundu likateremka polepole kwenye krimu, mengine yakafuata njia ileile. Nikapangusa kwa ncha ya mtandio. Mungu wangu! Sasa krimu ikawa rangi ya waridi kila upande, na alama za vidole vyangu juu yake. Shangazi wa bibi arusi akafunua sanduku, akatazama weee, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii keki mmeichinja?"

Pesa iliyobaki sikuidai. Ningeanzia wapi?

Basi keki ilale kwenye friji peke yake, maua yakae kwenye mkebe mkavu unaobana, muyapachike ukumbini. Na krimu yenyewe ina maji, kwa hiyo mgongo wa ua upakeni chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa, mngoje igande.

5. Mteja akisema "si sukari tu hiyo?", mpe kilo moja na kalibu, umwambie akuletee kesho.

6. Zilizovunjika zisagwe, zinyunyizwe tone, zifinyangwe upya. Za buluu msitie kwenye chai ya wageni. Kuna mzee mmoja hapa Majengo alitoka kwangu kwenda msikitini na ulimi wa rangi hiyo, na mpaka leo akialikwa anauliza kwanza chai imetiwa nini.