Mshahara Haujui Masika: Kutafuta Nyumba ya Kupanga Paje Ukiwa Mtumishi wa Serikali

Siku niliyotolewa kwenye chumba changu cha kwanza Paje, kijiji cha ufukweni kusini mashariki mwa Unguja, nilikuwa nimetandaza madaftari ya darasa la saba kitandani, nasahihisha. Ilikuwa mwanzoni mwa Julai 2013. Mwenye nyumba alipiga hodi, akakaa kizingitini, akaniuliza hali ya skuli, akaniuliza hali ya wazee wangu Pemba, kisha akainamisha macho. "Maalim, yule mgeni wetu anakuja Jumamosi. Si unajua mambo ya msimu."

Nilijua. Mimi nilikuwa nalipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mgeni alikuwa anatoa dola 35 kwa usiku. Usiku wake mmoja na mwezi wangu mzima vilikuwa karibu sawa. Sikuweza hata kumkasirikia yule mzee. Nilimpa mkono, nikafunga godoro kwa kamba, na wanafunzi wangu watatu wakanisaidia kulipeleka kwa mwalimu mwenzangu Jambiani.

Tangu hapo nimehama mara mbili nyingine, na kwa kuwa sasa ni msaidizi mwalimu mkuu, kila mtumishi mpya akishuka kwenye gari na begi lake huletwa kwangu. Walimu, wauguzi wa kituo cha afya, safari moja hata bwana afya aliyekuja na mke, watoto wawili na jogoo. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia, tena nayarudia mpaka mke wangu ameyajua kwa moyo.

Watu wa mjini hudhani tatizo la Paje ni uchache wa nyumba. Nyumba zipo. Njoo Aprili, mvua ya masika ikiwa imekazana, utembee kutoka njia kuu mpaka ufukweni: utakuta milango imefungwa kwa kufuli, hoteli ndogo zimeweka walinzi tu, na wafanyakazi kutoka Bara wamerudi kwao kungoja kuitwa. Kijiji kizima kina vyumba vitupu. Tatizo ni kalenda. Upepo wa kusi ukianza kukaza Juni, wacheza kaiti, wale wageni wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, wanarudi, na wanakaa mpaka Septemba. Desemba upepo wa kaskazi unawaleta tena. Bei ya chumba inafuata upepo, na wewe uliyepangiwa kituo na serikali unatakiwa kulala mahali pamoja miezi kumi na miwili.

Na kwa bei ya msimu humuwezi mgeni, usijisumbue. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma Zanzibar kilipanda kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000, nasi tulifurahi. Lakini kwa chumba cha dola 40 kwa usiku, mshahara huo wote haukutoshi kulala hata siku nne. Kwa hiyo anayekushauri "ujue kupatana tu" hakusaidii kitu. Kupatana na nani, na kwa lipi?

Lipo moja. Mshahara wako haujui masika. Aprili unaingia, Mei unaingia. Mwenye nyumba wa Paje anaweza kuwa na pesa nyingi Agosti na akawa anakopa mchele dukani Mei. Hapo ndipo pa kumkutia. Mimi huwapeleka watumishi wangu kwa wenye nyumba kuanzia katikati ya Machi, wageni wa kaskazi wakishaanza kuondoka, na si siku moja kabla ya hapo. Ukienda Januari utatajiwa bei ya Januari, na mtu akishaitaja bei kwa mdomo wake huona aibu kuishusha.

Miaka michache nyuma nilimpeleka muuguzi mmoja kwa bibi mwenye vyumba viwili vya uani. Kijana wa yule bibi alikuwa amesimama na simu mkononi, anatuonesha picha za vyumba vya jirani vilivyotiwa kwenye mtandao wa wageni, na bei zake. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Mwanangu, Aprili iliyopita chumba hiki alilala nani?" Kijana akanyamaza. Mama yake ndiye aliyejibu, "Alilala paka." Tukacheka wote, na pale pale mazungumzo yakageuka. Tulipatana 90,000 kwa mwezi, mwaka mzima, kodi ya miezi minne ikitangulia. Yule muuguzi alikaa pale miaka mitatu, na bibi alipougua presha alikuwa na mtu wa kumpima bila kutoka uani kwake. (Hilo halimo kwenye mkataba, lakini mwenye nyumba yeyote mtu mzima huliona haraka kuliko wewe.)

Halafu ujue nyumba ya kutafuta. Watumishi vijana hupoteza wiki nzima wakizunguka upande wa bahari wa barabara, wakiongozwa na dalali ambaye juzi alikuwa papasi, wale vijana wanaofuatafuata watalii, anauza safari za pomboo Kizimkazi. Huko hakuna chako. Tafuta nyumba yenye kasoro ambayo mgeni haivumilii na wewe haikusumbui. Mimi naishi ukutani mwa msikiti. Adhana ya alfajiri inaingia dirishani kama mtu anayekuita kwa jina, na mgeni aliyelala saa tisa usiku kutoka kwenye muziki hawezi kukaa hapo siku mbili. Mimi naamka nayo kwa hiari yangu. Nyumba iliyopakana na skuli pia nzuri, kelele za watoto zinamkimbiza kila mtu isipokuwa mwalimu. Nyumba ya ndani upande wa mawe, mbali na bahari, isiyo na kiyoyozi, choo kiko uani, banda la mbuzi la jirani liko karibu: hizo ndizo nyumba zetu. Aliyezoea vigae aanze kuzoea sakafu ya saruji.

Lakini kasoro ya maji usiikubali kirahisi. Onja maji ya kisima kabla ya kutoa shilingi, na uombe ndoo unawe mikono kwa sabuni. Isipotoa povu, ujue utakuwa unanunua maji ya kunywa na ya kupikia kila siku, na hiyo ni kodi ya pili. Tazama bati pia, hasa kwenye misumari, kwa sababu chumvi ya bahari huanzia hapo kula. Na mita ya umeme iwe yako peke yako. Nimeshasuluhisha ugomvi mwingi wa mita moja kwa wapangaji wanne hata nimechoka.

Pa kuanzia ni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, yaani shehia. Ukiwa mkaazi mpya wa shehia utamhitaji hata hivyo, basi nenda siku ya kwanza, na barua yako ya kupangiwa kituo, na kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi. Usimuulize, "Kuna nyumba?" Atakuelekeza kwa mpwa wake. Muulize nani amejenga nusu akasita, nani ameozesha binti karibuni akabaki na chumba kitupu, nani mjane. Baada ya hapo kaa barazani baada ya sala ya alasiri na useme shida yako wazi. Kina mama wanaorudi kwenye mwani wanajua kila mlango wa kijiji hiki na nani anadaiwa. Nimepata vyumba vitano au sita kwa njia hiyo, na kwa madalali kimoja tu, tena kilikuwa kinavuja.

Kuhusu nyumba ya nusu: upo mtindo wa mpangaji kumalizia ujenzi, akaweka bati na milango, kisha gharama ikakatwa kwenye kodi. Ni mzuri sana kwa mwenye akiba kidogo. Pia ndio uliomuumiza rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu khasa. Alitia zaidi ya milioni moja na nusu kwa maneno ya mdomo, mwenye nyumba akafariki, na warithi wakasema hawajui kitu. Kila mfuko wa saruji uandikwe, risiti ibaki kwako, na kama nyumba ni ya urithi basi watie saini wote wenye haki, hata yule aliye Muscat apigiwe simu mbele ya mashahidi.

Mkataba wetu ni karatasi moja ya mkono, mashahidi wawili, mbele ya sheha. Sitaki maneno mengi humo. Nataka yaandikwe majina ya miezi, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Disemba, kwamba mpangaji yumo ndani na kodi ni ile ile. Ukiandika "mwaka mmoja" peke yake, kuna wazee kwao mwaka una mapumziko. Na mwenye nyumba akitaka nyumba yake, atoe taarifa ya miezi mitatu na arudishe kodi iliyobaki. Mzee wangu wa 2013 angeandikishiana nami hivyo, asingekuja kukaa kizingitini.

Kodi ya miezi minne au sita ya mkupuo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mtumishi mpya anaweza kukaa muda mrefu kabla ya mshahara wake wa kwanza kutoka. Hapa naomba wakuu wa vituo mnisikilize. Skulini kwetu tuna upatu wa walimu kumi na wawili, na tulikubaliana kwamba mwalimu mpya akiingia hupokea wa kwanza, hata kama kijumbe, msimamizi wa upatu, alishapanga zamu nyingine. Kulikuwa na manung'uniko mwanzoni. Lakini kabla ya mpango huo tulikuwa tunampoteza mwalimu kila mwaka: anaripoti, anazunguka wiki mbili, anaanza kuomba uhamisho wa kurudi mjini. Ni afadhali upatu kuliko mkopo wa mtu wa mtaani anayeshika kadi yako ya benki.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasikae tu Kitogani au Muungoni, kodi nafuu, wapande gari asubuhi. Kwa mwalimu wa asubuhi inawezekana, magari ya Jambiani na Bwejuu yanapita pale njia panda. Ila yakitoka mjini mara nyingi yamejaa, na gari likikupita saa moja kasoro, darasa lako limekaa bila mtu. Makunduchi nako yapo yale maghorofa ya wakati wa Mzee Karume, na huko maisha si ya kitalii kama kwetu. Muuguzi wa zamu ya usiku asijaribu kukaa mbali hata kidogo. Mwanamke anayekaa peke yake naye namshauri achukue chumba ndani ya ua wa familia hata kama ni kidogo kuliko alichokitaka, kwa sababu usiku wa sherehe za ufukweni njia zetu zina watu wengi wasiojulikana na waliolewa.

Wiki iliyopita amekuja mwalimu wa sayansi, kijana wa Wete. Tumo katikati ya Agosti, hakuna chumba, na sikutaka kumdanganya. Nimemwambia alale sebuleni kwangu, achangie unga na umeme, na Machi tutakwenda pamoja kwa mzee mmoja nyuma ya skuli ambaye nimeshaanza kumsalimia kila jioni. Vitabu vyake vimo kwenye maboksi chini ya meza yetu ya chakula, na asubuhi ya kwanza alfajiri alikurupuka akidhani kuna mtu chumbani.