Maili za ndege kwa msafiri anayeanzia Mtwara

Kwa ninyi mnaoanza kusafiri nje kikazi, iwe ni kufuata wanunuzi wa korosho India na Vietnam au kuhudhuria mafunzo yanayolipiwa na mwajiri, eleweni kwanza kwamba maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humwekea msafiri na ambazo baadaye hulipia tiketi, kwetu hutokana na tiketi tunazonunua. Wamarekani hupata sehemu kubwa ya maili zao kwa kadi za benki, hata bila kupanda ndege, na kwa hiyo ushauri wao mwingi hautufai. Mwenye safari chache hana budi kuzikusanya maili zote katika akaunti moja, kwani zikitawanyika hazitoshi tiketi yoyote, na katika programu kadhaa (mipango ya mashirika ya kutunzia maili za wasafiri), ikiwemo ya Emirates, hufutika baada ya takribani miaka 3.

Akaunti moja haina maana ya shirika moja. Ethiopian na Turkish, ambazo zote zinatua Dar es Salaam, ni wanachama wa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayotambuliana maili, hivyo anayekwenda Guangzhou kwa Ethiopian anaweza kuandikisha maili za safari hiyo katika programu ya Turkish. KLM na Kenya Airways wamo katika muungano mwingine, SkyTeam. Qatar imo katika wa tatu, oneworld, na tangu 2022 maili zake ni zile ziitwazo Avios, ambazo huweza kuhamishwa kwenda na kutoka British Airways. Emirates haimo katika muungano wowote, wala Air Tanzania.

Kabla ya kulipa, ulizeni herufi ya daraja la nauli. Ni herufi moja tu kwenye tiketi, kwa mfano Y au M, lakini katika programu nyingi ndiyo inayoamua kama mtapata maili kamili, sehemu yake, au msipate kabisa. Wakala anaijua, ila msipomuuliza hatawatajia. Jina kwenye akaunti lifanane na la pasipoti, na pasi ya kupandia ndege itunzwe mpaka maili zionekane.

Wakati wa kuzitumia, mimi nashauri daraja la biashara katika safari ndefu ya usiku, si tiketi ya kawaida ambayo pengine mngeimudu kwa fedha. Chunguzeni lakini aina ya ndege. Kati ya Dar na Addis Ababa mara nyingi huruka Boeing 737, ambayo viti vyake vya mbele huegemea tu bila kugeuka kitanda. Thamani ya maili iko katika kipande kirefu kinachofuata. Viti vya daraja la biashara vinavyotolewa kwa maili ni vichache, na mashirika mengi huanza kuvitoa takribani miezi 11 kabla ya safari. Andaeni pia fedha taslimu, kwa kuwa maili hazilipi kodi, na baadhi ya mashirika huongeza tozo inayofika mamia ya dola.

Mwisho, tiketi ya maili kwa kawaida huanzia Dar, na ile ya kutoka Mtwara hununuliwa peke yake. Ndege ya kutoka kwetu ikiahirishwa, shirika la pili halina wajibu wa kuwasubiri. Barabara nayo si kimbilio la uhakika: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata huko Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Fikeni Dar siku moja kabla, na mkumbuke kwamba mizigo mtaichukua wenyewe na kuikabidhi upya kaunta ya shirika la pili.