Wasomaji Wauliza: Ndege Ikianguka, Nani Humpa Nani Taarifa?

SWALI: Ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliyoanguka karibu na Bishoftu, Ethiopia, tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa inakuja Nairobi, na kati ya watu 157 waliokufa, 32 walikuwa Wakenya. Mbona visanduku vyeusi vilipelekwa Ufaransa? Na Kenya ilikuwa na haki ya kuona nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Visanduku, yaani vinasa vya data na sauti za ndege, vilikwenda Paris, uchunguzi ukabaki Addis Ababa. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaukabidhi uchunguzi kwa nchi ambako ndege imeangukia. Nchi hiyo inaweza kuomba maabara ya mwenzake bila kupoteza usukani. Ujerumani iliombwa kwanza, ikasema haina programu ya kusoma vinasa vya aina ile. BEA, wachunguzi wa Ufaransa, wakavipokea tarehe 14 Machi, wakapakua data na kuwakabidhi Waethiopia. Sauti za chumba cha marubani hawakuzisikiliza, na walitangaza hivyo hadharani.

Wanaoketi mezani kwa haki ni wawakilishi walioidhinishwa wa nchi nne: iliyosajili ndege, yenye shirika linaloirusha, iliyoibuni na iliyoiunda. Hapa Ethiopia ilikuwa mwenye eneo, msajili na mwenye shirika. Marekani ilikuwa mbunifu na muundaji. Kwa hiyo NTSB, wachunguzi wa Marekani, walipeleka mwakilishi, nao FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na Boeing wakaja chini yake kama washauri. Mwakilishi hukagua mabaki, huhoji mashahidi, hupata nakala za nyaraka na hushiriki vinasa vinaposomwa.

Kenya haikuwa miongoni mwa hao wanne. Nchi iliyopoteza raia huruhusiwa kuteua mtaalamu. Huyo hufika eneo la ajali, husaidia kutambua marehemu, hupewa taarifa za ukweli zilizoidhinishwa kutolewa, huelezwa uchunguzi umefika wapi na hupata ripoti ya mwisho. Meza ya kusomea vinasa haimhusu. Ni haki finyu kwa nchi iliyozika watu wengi kuliko nyingine yoyote katika ajali ile, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

SWALI: Umesema FAA ni mshauri tu. Basi mamlaka za usafiri wa anga za nchi nyingine zinajuaje kwamba ndege ina kasoro? Zingoje ripoti miaka mitatu? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hazingoji, kwa sababu njia ni mbili. Moja ni ya wachunguzi, niliyoieleza hapo juu. Nyingine ni ya wadhibiti wenyewe, chini ya Kiambatisho cha 8 cha mkataba huohuo, na hiyo ndiyo inayookoa abiria wa kesho.

Inaanza siku ndege inaposajiliwa. Nchi ikiandikisha aina fulani ya ndege kwa mara ya kwanza, lazima iiarifu nchi iliyoibuni. Tangu hapo nchi mbunifu huipelekea nchi hiyo maagizo yote ya lazima ya usalama wa aina hiyo. Taarifa hurudi pia: kwa ndege za zaidi ya kilo 5,700, hitilafu zinazoonekana huku lazima zifikishwe kwa mwenye cheti cha ubunifu kule.

Inapokwama ni mambo ya ofisini tu. Barua ya kuarifu haikuandikwa, au iliandikwa na anwani ya barua pepe ni ya ofisa aliyestaafu. Gumu zaidi ni ndege za kukodi. Ndege inaruka Afrika Mashariki, usajili wake uko ng'ambo, na agizo linakwenda kwa msajili. Nchi mbili zinaweza kuhamisha wajibu kwa makubaliano chini ya ibara ya 83 bis ya Mkataba wa Chicago, lakini makubaliano yasipotaja waziwazi nani apokee maagizo, kila upande utadhani mwenzake amepokea.

Hata agizo likifika, tazama lina nini ndani. Baada ya ndege ya Lion Air ya aina hiyohiyo ya 737 MAX kuanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189, FAA ilitoa agizo la dharura tarehe 7 Novemba. Lilieleza kwamba kihisio kibovu, kile kinachopima pembe ya bawa dhidi ya upepo, kinaweza kuisukuma pua ya ndege chini tena na tena, likawaelekeza marubani la kufanya. Mfumo wenyewe unaoishusha pua, MCAS, haukutajwa kwa jina. Miezi minne baadaye, katika ndege ya Ethiopia, kihisio cha kushoto kilisoma nyuzi 74.5 huku cha kulia kikiwa karibu na 15.

Kuhusu kuzuia ndege zisiruke, hakuna haja ya kumsubiri mchunguzi. Kila nchi ni mwenye anga yake. China ilizisimamisha 737 MAX tarehe 11 Machi 2019, Ulaya tarehe 12. Kanada na Marekani zilifuata tarehe 13, baada ya data za setilaiti kuonyesha kwamba mwendo wa ndege mbili zilizoanguka ulifanana.

SWALI: Nchi zisipokubaliana kuhusu chanzo? – Msomaji, Kampala

JIBU: Rasimu ya ripoti ya mwisho hutumwa kwa nchi zilizoshiriki, nazo hupewa siku 60 za kutoa maoni. Mchunguzi huyaingiza, au huyaambatisha kama nchi iliyoyatoa ikitaka. Aliyepokea rasimu haruhusiwi kuisambaza bila idhini ya aliyeiandika. Ripoti ya Ethiopia ilipotoka Desemba 2022, NTSB ililalamika kwamba maoni yake hayakuambatishwa inavyopaswa, ikayachapisha yenyewe. Ubishi mmojawapo ulikuwa kihisio kile: Ethiopia ilitaja hitilafu za umeme, Wamarekani wakashikilia kwamba kiligongwa na kitu, yaelekea ndege wa angani. Ukitaka kuielewa ajali hiyo, soma nyaraka zote mbili, na ya BEA iliyofuata Januari 2023.